Kwa nini kiwanda cha saruji hutoa hewa ukaa hata kikiacha makaa ya mawe?

Je, wajua kwamba kiwanda cha saruji kinaweza kupasha tanuri lake kwa umeme wa maji mtupu, na bado kikatoa zaidi ya nusu ya hewa ukaa kinayotoa leo? Lawama zote huangukia moshi wa makaa ya mawe, lakini mkosaji mkubwa ni jiwe lenyewe.

Saruji huanza na mawe ya chokaa, ambayo mengi ni mabaki ya makombe na matumbawe ya bahari za kale. Ndani yake hewa ukaa imefungwa pamoja na kalsiamu. Jiwe likifika nyuzijoto 900 hivi, hewa hiyo hufunguka na kwenda zake. Kilo 1,000 za jiwe safi huacha tanurini kilo 560 za chokaa. Kilo 440 zimepaa. Hakuna mhandisi wa kuibadili hesabu hiyo. Chokaa huendelea kuchomwa pamoja na udongo hadi nyuzi 1,450, vikawa punje ngumu za kijivu ziitwazo klinka. Klinka ikisagwa na jasi kidogo, umepata saruji. Kwa kawaida asilimia 60 hivi ya hewa ukaa ya kazi hii hutoka kwenye jiwe, na 40 kwenye nishati.

Wazee wa pwani waliochoma matumbawe kwenye tanuu ili wajenge misikiti ya Kilwa walitumia kemia hiyohiyo. Ila chokaa yao, ikikomaa ukutani, ilinyonya tena sehemu kubwa ya hewa iliyotoka kwenye jiwe. Zege la saruji nalo hunyonya, lakini kidogo na kwa miaka mingi.

Sasa tuone hesabu hiyo kwenye viwanda vyenye mitaji ya nje hapa Tanzania. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilichoanza uzalishaji 1966, leo kinamilikiwa kwa sehemu kubwa na Heidelberg Materials ya Ujerumani. Gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo ilipofika jijini mwaka 2004, kiwanda hicho kikaanza kuitumia. Huko Mtwara, mwaka 2015, Dangote wa Nigeria alifungua kiwanda chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka.

Gesi ni nafuu kweli: kwa joto lilelile hutoa hewa ukaa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko makaa ya mawe. Lakini piga hesabu. Nafuu hiyo inagusa fungu la nishati tu, kwa hiyo kila tani ya saruji inapunguza asilimia 16 hivi. Kiwanda kikiongeza uzalishaji kwa robo tu, nafuu yote imeliwa. Ndiyo maana mwekezaji anaweza kusema ukweli kwamba saruji yake ni safi kuliko ya zamani, huku hewa ukaa ya nchi ikizidi kupanda.

Heidelberg hiyohiyo ilizindua mwaka 2025, huko Brevik, Norway, mtambo wa kunasa tani 400,000 za hewa ukaa kwa mwaka, takriban nusu ya inayotoka kiwandani hapo. Sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na serikali ya Norway. Wazo Hill hakuna mtambo wa namna hiyo, na sioni ajabu: gharama yake ingeishia kwenye bei ya mfuko wa kilo 50.

Njia iliyo karibu nasi ni kupunguza klinka kwa kuchanganya majivu ya volkano, yaani pozolana, ambayo Mbeya inayo. Mfuko wenyewe hukuambia, ukiisoma alama ya CEM, yaani aina ya saruji. CEM I ina klinka isiyopungua asilimia 95 ukiacha jasi. CEM II inaweza kushuka hadi 65, na CEM IV hadi 45. Namba 32.5 au 42.5 inayofuata ni nguvu tu, haisemi lolote kuhusu klinka. Kwa plasta na kuta za nyumba ya kawaida, CEM IV ya 32.5 inatosha; kwa nguzo na slabu, muulize mhandisi kwanza.