Gari Likishuka Mlima, Joto Lake Linakwenda Wapi?

Madereva wanaoshusha abiria kutoka Marangu kuja Moshi huniuliza swali moja kuliko mengine yote: nikiweka nyutro mteremkoni, si ninaokoa mafuta? Nafundisha ufundi wa magari katika chuo cha ufundi hapa Arusha, na naliona swali hilo ni la haki kabisa. Petroli ni ghali, mteremko ni wa bure, na injini ikinguruma polepole sikio linaamini kwamba inakula kidogo.

Kwa magari mengi yaliyo barabarani leo, jibu ni hapana. Gari lenye nozeli (vipua vinavyoimwagia injini mafuta) zinazoongozwa na kompyuta likiwa ndani ya gia, nawe umeondoa mguu kwenye mafuta, kompyuta inatambua kwamba magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Hapo inafunga nozeli zote. Haidondoki hata tone. Mizunguko ya injini ikishuka karibu na 1,500 au pungufu kidogo kwa dakika, nozeli zinaanza tena kumwaga ili injini isizime. Ukiweka nyutro, magurudumu na injini vinaachana, na injini inabidi ijilishe yenyewe kwa mafuta. Kwa hiyo aliyeweka nyutro anachoma mafuta, na aliyebaki kwenye gia hachomi kitu. Kwa gari la zamani la kabureta, lisilo na kompyuta hiyo, hoja ya kuokoa mafuta ilikuwa na ukweli kidogo, lakini hata huko nisingemshauri mtu aifuate, kwa sababu mteremkoni kuna jambo kubwa kuliko mafuta, nalo ni joto.

Chukua Kosta yenye uzito wa tani 5 pamoja na abiria na mikungu ya ndizi iliyoko kwenye keria. Lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Moshi mjini hapafiki mita 1,000. Tuseme gari linashuka mita 900. Uzito huo ukishuka kimo hicho unaachia nishati ya karibu megajuli 44. Nishati haipotei, inageuka tu. Upepo na matairi vinachukua sehemu yake. Kinachobaki, ukiwa umeweka nyutro, kinaishia kwenye diski na ngoma za breki kama joto, kwa sababu hakuna kwingine kwa kwenda. Megajuli 44 zinatosha kuchemsha karibu madumu 7 ya maji, yale ya lita 20, kutoka ubaridi wa bombani mpaka yatokote. Ile harufu kali ya kuungua unayoisikia basi likisimama baada ya mteremko mrefu inatoka hapo.

Breki zikipata joto namna hiyo hutokea mambo mawili. Kwanza pedi, yale mabamba yanayobana diski, zinapungua nguvu ya kushika: unakanyaga kwa nguvu ileile, gari linapunguza mwendo kidogo tu. La pili ni baya zaidi, na wengi hawalijui. Mafuta ya breki yanaweza kuchemka. Yale yaliyoandikwa DOT 3 kwenye chupa, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. DOT 4 hayachemki kabla ya nyuzi 230. Tatizo ni kwamba mafuta haya yananyonya unyevu wa hewani, kidogokidogo, mwaka baada ya mwaka. DOT 3 iliyokwisha kunywa maji inaruhusiwa kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke ndani ya bomba la breki. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea. Mguu wa dereva unabonyeza mapovu badala ya kusukuma pedi, na pedali inazama mpaka chini. Nawasihi wenye magari: mafuta ya breki yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama kikopo bado kimejaa. Kuongeza tu juu ya yale ya zamani hakuondoi maji yaliyomo.

Injini inasaidiaje? Katika injini ya petroli, ukiondoa mguu mlango wa hewa unafungwa, na pistoni zinahangaika kuvuta hewa ambayo haiingii. Kazi hiyo inakula mwendo wa gari, na joto lake linatoka kupitia rejeta (kipozea maji ya injini) na ekzosi (bomba la moshi) badala ya kubaki kwenye diski. Gia ikiwa nzito, yaani ya namba ndogo, injini inazunguka haraka zaidi na inashika zaidi. Ndiyo maana wazee wa udereva husema ushuke kwa gia uliyopandia. Kwenye gari la automatiki, sogeza mkono wa gia kwenye 2 au L kabla mteremko haujaanza; ukisubiri mpaka gari limeshashika kasi umechelewa. Breki yenyewe ikanyage kwa nguvu upunguze mwendo, kisha iachie ipoe. Usiikalie juu kidogokidogo njia nzima.

Dizeli ina kasoro hapa. Injini nyingi za dizeli hazina mlango wa kuzuia hewa. Pistoni inaikandamiza hewa, na hewa hiyohiyo inairudisha pistoni chini kama ilivyokuja, kwa hiyo breki ya injini ni hafifu. Watengenezaji wakaweka breki ya ekzosi, kibati kinachoziba njia ya moshi ili pistoni zisukumane na hewa iliyofungiwa. Swichi yake iko karibu na usukani kwenye Fuso na kwenye mabasi mengi. Anayeshuka kutoka Karatu kuingia Mto wa Mbu na mzigo bila kuigusa anajinyima msaada ambao tayari ameulipia.

Kuna anayeuliza pia kuhusu ule mlio wa "tshii" wa mabasi na malori. Huo ni upepo wa breki ukitoka, yaani hewa iliyoshindiliwa inayosukuma breki za magari hayo. Jambo la kujua ni kwamba hendibreki ya magari hayo inashikwa na springi nzito, na upepo kazi yake ni kuizuia springi isishike. Upepo ukiisha wote, magurudumu yanajifunga yenyewe. Lakini kabla haujaisha, breki ya mguu imeshakuwa dhaifu, na dereva anayekanyaga na kuachia mara nyingi mno anaumaliza upepo haraka kuliko kompresa, pampu ya upepo, inavyoweza kujaza.

Sasa turudi upande wa kupanda, maana huko ndiko magari yanakochemsha. Arusha iko kwenye mita kama 1,400. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Injini isiyo na tabo (feni inayoisukumia injini hewa) inapata hewa kidogo, inakosa nguvu, dereva anaongeza mafuta. Na hewa hiyohiyo nyepesi inapopita kwenye rejeta inabeba joto kidogo. Juu ya hayo, maji ya wazi hapa kwetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala hayafiki 100. Injini yenye afya maji yake yanakaa kwenye nyuzi 85 mpaka 95. Umeona nafasi iliyobaki? Hakuna.

Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta. Uangalie kwa chini injini ikiwa imepoa kabisa: kuna springi, kuna duara la mpira, na katikati kuna kivali kidogo kama kitufe cha shati. Juu yake kumeandikwa 0.9 au 1.1, ambayo ni presha kwa kipimo cha ba. Mfuniko wa 0.9 ukishika vizuri, maji ya Arusha hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Mpira ukikatika au springi ikilegea, umerudi kwenye 95, na gari litachemsha kila kilima hata ukibadilisha rejeta nzima. Nimeona watu wakinunua rejeta, feni na pampu ya maji kabla ya kununua mfuniko. Kile kivali cha katikati kinayarudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba injini inapopoa. Kikikwama, asubuhi utakuta bomba kubwa la mpira la juu limebonyea kama limenyonywa.

Na tafadhali, mfuniko usifunguliwe moto. Ndani kuna maji ya nyuzi 110 yanayoshindwa kuwa mvuke kwa sababu ya presha tu. Presha ikitoka, sehemu yake inageuka mvuke papo hapo na kuyarusha mengine usoni kwako. Hata kitambaa kizito hakitoshi.

Linanisumbua pia jambo moja la gereji zetu: gari likichemsha, linatolewa themostati na kuachwa bila. Themostati ni kivali chenye nta ndani. Nta ikiyeyuka inatanuka, inasukuma kijiti, njia ya kwenda rejeta inafunguka. Katika injini nyingi kijiti hichohicho kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupoa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na kupanda mlima na mzigo maji mengi hayapiti rejeta kabisa. Siku za baridi za Juni na Julai ndiyo kinyume: injini haipati joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi, nyingine inateremka kwenye oili, na silinda zinalika mapema.

Kuipima ni rahisi. Ifunge uzi, iingize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, washa jiko. Namba iliyogongwa juu yake, 82 au 88 kwa kawaida, ni nyuzi inazoanza kufunguka. Kwa kuwa hapa maji yanachemka kwenye 95, ya 82 lazima iwe imefunguka wazi kabla hayajatokota. Ya 88 huenda ikawa nusu tu, na hiyo si mbovu. Isiyosogea kabisa ibadilishwe kwa yenye namba ileile. Wakati wa kuifunga, upande wenye kifuko cha nta uelekee injini, na kama ina kipini kidogo kinachochezacheza kwenye tundu, kikae juu: hapo ndipo hewa inapotokea unapojaza maji.