Acheni kuwaminyisha watoto mpira

Wiki hii ni mzazi wa tatu. Mama kaingia kliniki kwangu na mwanawe wa miaka 12 mwenye Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli polepole, mkobani ana mpira wa tenisi. "Anaminya mara mia asubuhi, mia jioni, na bado mkono unalegea." Aliyewashauri ni jirani.

Wanadhani msuli umelala, basi uchoshwe uamke. Haukulala! Umekosa distrofini, protini inayokinga utando wa seli ya msuli usichanike unapofanya kazi. Msuli wangu ukichanika kwa mazoezi hujijenga upya. Wa mtoto huyu hujijenga mara kadhaa, kisha mafuta na kovu huchukua nafasi yake. Kinachoumiza zaidi ni kazi inayourefusha msuli huku umebeba uzito: kushuka ngazi, kutua ndoo taratibu. Akiamka na maumivu, amezidisha. Mkojo ukiwa wa kahawia, hospitali siku hiyohiyo.

Na mpira wenyewe unafanyia kazi mahali pasipo na shida. Kwa Duchenne vidole ndivyo hudumu na nguvu muda mrefu. Bega na kiwiko hutangulia kuchoka. Nilimpa kikombe cha uji: bega likapanda, shingo ikainama kukifuata kikombe, uji ukamwagika. Tukainua meza kwa matofali mpaka usawa wa kifua, viwiko vikakaa juu yake. Akanywa mpaka tone la mwisho, mwenyewe. Kila mzazi namwambia hivyo: inua meza kwanza. Mazoezi yapo, tena ni lazima. Aogelee, achore, acheze, ila apumzike kabla hajachoka.

Vigimbi vinene si dalili ya nguvu. Humo mna mafuta na kovu.

Gango la usiku, kifaa kinachoshikilia mkono na vidole vikiwa vimenyooka, halifanyi mkono uwe mvivu. Kano za vidole zikikaa zimejikunja miezi na miezi hufupika, na kuzirefusha tena ni kazi ngumu mno. Avae.

Wengine hukosea upande wa pili: kano ya kidole imekatwa na panga, imeshonwa, basi mkono usiguswe mpaka upone. Ukikaa hivyo kano hugandamana na kovu, kidole hakikunjiki. Kwa kawaida tunaanza kukisogeza ndani ya wiki ya kwanza, kikiwa kwenye gango, kwa kipimo. Nguvu zote husubiri takriban wiki 12. Mpira ule ukiminywa wiki ya pili, mshono unaweza kukatika.