Je, wajua kwa nini Kongo na Zambia haziwezi kuacha kuzungumza?

Ukiichukua ramani ya Kongo na kuteremsha kidole kutoka Lubumbashi kuelekea kusini-mashariki, utafika mahali ambapo nchi yetu inaingia ndani ya Zambia kama mguu uliovaa buti. Hapa jimboni Haut-Katanga tunapaita buti la Sakania, kwa jina la mji wa reli ulioko huko. Buti hilo linakaribia kuikata Zambia vipande viwili, kwani upande mmoja upo mkoa wa Copperbelt wenye miji ya migodi ya Ndola, Kitwe na Mufulira, na upande wa pili upo mkoa wa Luapula, ambao makao yake ni Mansa. Mzambia anayetoka Mufulira kwenda Mansa kwa njia ya mkato huingia Kongo pale Mokambo, husafiri kama kilomita 70 katika nchi isiyo yake, kisha huvuka mto Luapula pale Chembe na kujikuta tena kwao. Asipotaka kupita Kongo, atazunguka mamia ya kilomita.

Sisi nasi tuna mzunguko wetu. Shaba inayochimbwa Likasi na Kolwezi, kama inakwenda Durban, Beira, Walvis Bay au Dar es Salaam kwa barabara, sharti ipite Zambia. Yaani kila nchi ina mlango wake wa kutokea uliojengwa ndani ya nyumba ya jirani, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini wajumbe wa Lubumbashi, Kinshasa, Ndola na Lusaka hukutana tena na tena, hata katika miaka ambayo hakuna ugomvi wowote wa kuripotiwa redioni.

Buti hilo lilitoka wapi? Kisa chake kinaanzia Bunkeya, makao ya mfalme Msiri huku Katanga. Mwaka 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alifika kwa Msiri akitaka akubali mkataba wa kuiweka Katanga chini ya Uingereza, na Msiri akakataa. Mwaka uliofuata ukafika msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, na tarehe 20 Desemba 1891 Msiri akauawa kwa risasi. Katanga ikawa ya Leopold, na ardhi ya kusini yake ikabaki kwa Waingereza, kwa hiyo ikabidi pande hizo mbili ziandike mpaka wao.

Waliuandika tarehe 12 Mei 1894, na maneno yao yanastahili kusomwa polepole. Walikubaliana kwamba mpaka utaufuata mto Luapula kwenda juu hadi pale unapotoka katika ziwa Bangweulu, kisha utashuka kusini kwa mstari ulionyooka hadi kwenye mwinuko unaogawa maji, na kuanzia hapo utaufuata mwinuko huo kuelekea magharibi. Mwinuko unaogawa maji ni ile ardhi ya juu ambapo mvua ikinyesha upande mmoja, maji yake huishia mto Kongo, na ikinyesha upande wa pili, huishia Zambezi. Kwa macho huuoni, kwa sababu sehemu kubwa ni msitu wa miombo uliotanda karibu bila mlima. Ule mstari ulionyooka ndio uliozaa buti. Walioandika hawakuijua ardhi yenyewe, kwani Luapula hautoki ziwani kwa mlango mmoja ambao mtu angeweza kusimama na kuunyoshea kidole, bali unatoka katika vinamasi vikubwa mno. Ndiyo maana ilihitajika tume ya wapimaji wa Uingereza na Ubelgiji, iliyofanya kazi porini kati ya mwaka 1911 na 1914, ili kuamua mahali pa kusimika nguzo.

Wenyeji hawakuulizwa. Walamba, Walala na Waaushi walijikuta na ndugu upande wa pili wa mstari, na Kibemba kikaendelea kusikika pande zote mbili kama kawaida. Hadi leo ukoo mmoja unaweza kuwa na shangazi Mufulira na mjomba Sakania, na msiba ukitokea, wanaovuka ni ndugu waendao matangani; mpaka hauwageuzi kuwa wageni wao kwa wao.

Wengi huuliza kwa nini nchi hizi mbili hazikai siku moja zikabadilishana ardhi, tatizo likaisha. Swali ni la haki, lakini jibu ni kwamba njia hiyo imefungwa kwa kufuli mbili. Ya kwanza ni ya Afrika nzima: mwezi Julai 1964, mjini Cairo, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliamua kwamba kila nchi itaheshimu mipaka iliyokuwapo siku ilipopata uhuru. Ya pili ni yetu wenyewe. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 214, inasema kwamba kutoa ardhi, kubadilishana ardhi au kuongeza ardhi hakuna nguvu yoyote bila wananchi kuulizwa kwa kura ya maoni. Waziri hawezi kuligawa buti la Sakania katika kikao, hata kwa fidia nzuri namna gani. Kwa kuwa ardhi haijadiliwi, kinachobaki kujadiliwa ni upitaji: nani apite, na hati gani, saa ngapi, akilipa nini, na akipatwa na ajali nani amhudumie.

Hata nguzo za mpaka zina mazungumzo yake yasiyokwisha. Sehemu ya kaskazini, kati ya ziwa Mweru na ziwa Tanganyika, nchi hizi mbili zilitiliana saini mkataba mwaka 1989 ili kuunyosha mstari uliokuwa na utata, na bado mwaka 2020 askari wa Zambia waliingia katika vijiji vya Kibanga na Kalubamba, jimbo la Tanganyika la Kongo, hadi Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ikaingia kati kusuluhisha. Mpaka kati yetu una urefu wa zaidi ya kilomita 2,300, na nguzo iliyomezwa na majani ni ugomvi unaosubiri msimu wake.

Mazungumzo haya yana uzito gani kwa mtu wa kawaida? Nenda Kasumbalesa, mji wa mpakani, chini ya kilomita 100 kutoka Lubumbashi. Utakuta malori yamepangana pembeni mwa barabara, na juu ya matrela yake zimelala bamba za shaba, zimefungwa kwa mikanda ya chuma katika mafungu ambayo fungu moja tu linapita tani mbili. Chini ya trela, kwenye kivuli, dereva amewasha jiko dogo la mkaa na kubandika sufuria ya chai, kwa sababu anajua kwamba leo huenda asivuke. Mwingine amefua shati na kulianika kwenye kioo cha pembeni. Malori yanayokuja huku yanabeba unga, mafuta, saruji na mashine. Mfuko wa unga wa kilo 25 ambao mama wa Kenya au Katuba, mitaa ya Lubumbashi, hununua ili kusonga bukari, yaani ugali, mara nyingi umepita hapo, na Zambia inapozuia mahindi yake yasitoke, kama ilivyofanya mara kadhaa miaka ya ukame, bei hupanda Lubumbashi kabla ya serikali kutoa tangazo lolote.

Mwezi Agosti 2024 tuliona jinsi uzi huo ulivyo mwembamba. Kongo ilikuwa imezuia kwa muda vinywaji baridi na bia kutoka Zambia ili kulinda viwanda vya hapa, manung'uniko na maandamano yakatokea Kasumbalesa, na tarehe 10 Agosti Zambia ikatangaza kuzifunga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Shaba ikasimama. Mawaziri wa biashara wa pande zote mbili wakaingia katika mazungumzo, na baada ya siku chache tu njia ikafunguliwa. Ninaamini haraka ile ilitokana na hofu ya pamoja kuliko urafiki, na sioni aibu kulisema hilo, kwa sababu hofu ya kuumizana ni msingi halali kabisa wa ujirani.

Vikao vyenyewe huendeshwaje? Nchi hizi mbili zina tume ya pamoja ya kudumu ya ushirikiano. Siku za kwanza ni za wataalamu: watu wa forodha, uhamiaji, polisi, afya, nishati na barabara, kila kundi na meza yake. Wao ndio wanaobishana kuhusu neno moja jioni nzima, kwa kuwa kumbukumbu huandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, na nakala mbili zisipolingana, afisa wa Mokambo atatekeleza moja na mwenzake wa upande wa pili atatekeleza nyingine. Baada yao makatibu wakuu hupitia yaliyobaki bila kuafikiwa, kisha mawaziri hufika siku ya mwisho kutia saini. Tunachokiona kwenye picha, watu wawili wakibadilishana majalada huku bendera ziko nyuma yao, ni dakika kumi za mwisho za kazi ya siku nyingi. Pia si kila kinachotiwa saini kina nguvu sawa. Hati ya maelewano huweza kuanza kutumika mapema, ilhali mkataba wa biashara au unaogusa fedha za umma, kwa mujibu wa kifungu kile kile cha 214, unahitaji sheria ipitishwe na Bunge, na hapo ndipo mengi yaliyopigiwa makofi hukwama.

Mwaka 2022 marais wetu wawili walikubaliana kushirikiana kutengeneza betri za magari ya umeme kwa kobalti na shaba za pande zote mbili. Nauheshimu mpango huo, lakini ninayoyapima zaidi ni mambo madogo. Daraja la Chembe, linaloitwa kwa jina la Rais Levy Mwanawasa, lilipokamilika mwaka 2008, lilichukua nafasi ya pantoni iliyokuwa ikivusha magari Luapula machache machache, na tangu hapo safari ya Mansa haikuwa tena ya kungojea zamu ukingoni.

Sasa nchi hizi mbili zimekubaliana kuhusu barabara ya kutoka Kasomeno, upande wa Kongo, hadi Mwenda, upande wa Zambia, na daraja jingine juu ya Luapula, ili malori yanayokwenda Dar es Salaam yasilazimike kupita Kasumbalesa. Mlango mpya, basi, na wataalamu wa forodha wana kazi mpya: utafunguliwa saa ngapi, ushuru wa daraja utakusanywa upande gani, na mvuvi wa Luapula anayevuka na kapu la samaki kwenda kumwona dada yake ataandikwa katika daftari lipi.