Kumuuliza mwanajeshi mstaafu kama anawaza kujiua: mafunzo kwa familia na marafiki

Kazi yangu ya ustawi wa jamii hapa Texas imenikutanisha na familia nyingi zinazozungumza Kiswahili ambazo mtoto, mume au dada yao alilitumikia jeshi la Marekani. Baadhi yao waliingia jeshini kwa kuwa njia ya kupata uraia ni fupi kwa anayevaa sare, na kati ya mwaka 2008 na 2016 palikuwa na mpango ulioitwa MAVNI, ulioandikisha wahamiaji kwa ajili ya utaalamu wa tiba au lugha zao, Kiswahili kikiwamo. Sasa wengi wamevua sare, na mama aliyekuwa akifunga na kuomba ili mwanawe arudi salama kutoka Afghanistan anaona hatari imekwisha. Takwimu hazimuungi mkono. Mwaka 2022 Marekani ilipoteza wanajeshi wa zamani 6,407 kwa kujiua, na miezi 12 ya kwanza baada ya kutoka jeshini ni kati ya vipindi vinavyohitaji uangalizi mkubwa.

Mafunzo ninayoyafundisha yanaitwa SAVE. Yaliandaliwa na Idara ya Masuala ya Maveterani ya Marekani, hayadai elimu ya udaktari, na yanapatikana bure kwenye intaneti kwa video isiyofika nusu saa, ingawa mimi huyarefusha yakachukua alasiri nzima. Yana hatua nne: kutambua dalili, kuuliza, kuyapokea maumivu ya mtu bila kumhukumu, na kumfikisha haraka kwenye matibabu. Yameelekezwa kwa familia na marafiki kwa sababu iliyo wazi, nayo ni kwamba zaidi ya nusu ya maveterani wanaojiua hawakuwa wakipata matibabu katika hospitali za idara hiyo siku za karibuni. Daktari hakuwa na nafasi ya kuona lolote. Mke, shemeji na rafiki wa kanisani walikuwa nayo.

Dalili zenyewe watu huzielewa upesi: kukosa usingizi, kunywa kupita kiasi, hasira zisizo na kiasi, kujitenga, kusema kwamba wengine wataishi vizuri zaidi bila yeye. Kwa familia zetu huongeza mambo mawili. La kwanza ni mtu anayetuma nyumbani akiba yake yote kwa mkupuo mmoja na kuanza kuwaomba radhi watu asiowakosea. La pili ni utulivu wa ghafla baada ya wiki nyingi za dhiki, ambao familia huupokea kwa shukrani kama kupona, kumbe huenda mtu ametulia kwa sababu ameshaamua.

Hatua ya kuuliza ndiyo inayokula muda wangu mwingi. Wanafunzi wangu, hasa wazee, huogopa kwamba kulitaja jambo ni kuliita, na hofu hiyo ina mizizi pia katika sheria: nchini Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai, na nchini Kenya lilihesabiwa kosa hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwezi Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Hapa Texas si kosa, na tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Wengi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna aliyethubutu. Kwa hiyo huwapanga watu wawiliwawili na kuwataka walitamke swali kwa sauti. Mke anaweza kusema, “Baba Neema, naona hulali, na juzi ulisema umechoka na kila kitu. Je, unawaza kujiua?” Mdogo mtu atasema, “Kaka, samahani nikikuuliza waziwazi, unafikiria kujitoa uhai?” Swali lisilofaa ni lile linaloomba jibu la hapana, kama vile “Huwezi kufanya ujinga kama huo, sivyo?”, kwa sababu aliyeulizwa hivyo atakubali ili kumtuliza muulizaji, kisha atanyamaza moja kwa moja.

Akijibu ndiyo, kazi inayofuata ni kusikiliza, na hapa tunashindwa kwa wema wetu. Tunakimbilia kumwambia kwamba ni dhambi, kwamba wenzake walipoteza miguu naye amerudi mzima, kwamba kuna watu huko Kisumu au Mwanza wanaomtegemea. Hili la mwisho ndilo hunisumbua zaidi, kwa sababu mtu anayejiona mzigo au aliyeshindwa kubeba mizigo ya wengine hasaidiwi kwa kukumbushwa orodha ya wanaomdai. Sipingi sala, ninachoomba ni kwamba isitumiwe kumfunga mtu mdomo.

Kisha kuna bunduki. Zaidi ya maveterani 7 kati ya kila 10 wanaojiua nchini Marekani hutumia silaha ya moto, wakati kwa watu wazima wengine kiwango ni karibu nusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu vijana wa Houston walionusurika baada ya kujaribu kujiua ulionyesha kwamba kwa takriban robo yao, muda kati ya kuamua na kutenda haukufika dakika 5. Maana yake ni kwamba chochote kinachoongeza muda na umbali kati ya mtu na silaha kinaweza kumvusha. Hospitali za maveterani hutoa bure kufuli za waya za bunduki, risasi zinaweza kuwekwa mbali na silaha, na ndugu anayeaminika anaweza kuitunza nje ya nyumba kwa muda, mradi sheria za jimbo zifuatwe. Mazungumzo haya yafanywe mapema, siku ambayo kila mtu ametulia, na kwa ridhaa ya mwenye silaha, kwa kuwa akigundua mmeificha kwa siri mnaweza kupoteza imani yake.

Kwa msaada wa haraka, piga 988 kisha bonyeza 1, au tuma ujumbe mfupi kwa 838255. Ndugu na marafiki pia wanaruhusiwa kupiga, na si lazima mwanajeshi awe ameandikishwa katika huduma za idara. Tangu Januari 17, 2023, sheria ya COMPACT inawawezesha maveterani wengi walio katika hatari ya kujiua kutibiwa bure katika chumba cha dharura cha hospitali yoyote, na kulazwa hadi siku 30. Usimwache peke yake mnaposubiri.

Nisiyatukuze mafunzo haya kupita kiasi. Tafiti za mafunzo ya aina hii huonyesha kwamba watu hupata maarifa na ujasiri wa kuuliza. Ushahidi kwamba vifo hupungua ni hafifu zaidi. Kinachonipa tumaini ni kazi ya Jerome Motto, daktari wa akili wa San Francisco na mwanajeshi wa Vita Kuu ya Pili, ambaye aliwaandikia barua fupi wagonjwa waliokataa kuendelea na matibabu. Barua hazikuhimiza lolote wala kudai jibu, zilimjulia mtu hali tu, na katika miaka 2 ya kwanza waliozipokea walijiua kwa kiwango cha chini kuliko wasiozipokea. Ndiyo maana kila familia hupanga kabla ya kuondoka darasani nani atatuma ujumbe wa salamu, siku gani, na kwa maneno gani yasiyo na ombi la pesa ndani yake.

Ndugu walio Dar es Salaam au Eldoret wanaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kabisa. Wanachokosa ni mikono ya karibu, kwa hiyo huwaomba wahifadhi namba za watu wawili wanaoishi mji mmoja na mwanajeshi huyo, wenye gari, na ambao yeye mwenyewe amekubali waje kumgongea mlango usiku.