Je, wajua kwa nini wapinga vita husimama kona ileile kila wiki, tena kimya?

Watu watano wamesimama njia panda, wameshika kitambaa chenye maneno mawili. Hawaimbi, hawapigi makofi, hawamzuii mtu kupita. Saa moja ikitimia wanakusanya kitambaa chao na kwenda zao, na wiki ijayo, siku ileile, utawakuta palepale. Asiyewajua atadhani wamekosa kazi. Lakini kila kanuni wanayoifuata ina sababu yake, na ukizileta Lamu kama zilivyo, nusu yake zinakwama siku ya kwanza.

Mfano unaoigwa zaidi ulianzia Yerusalemu. Intifada ya kwanza, yaani maasi ya Wapalestina, ilizuka Desemba 1987, na Januari 1988 wanawake wachache wa Kiisraeli wakaanza kusimama kila Ijumaa saa saba mchana, wamevaa nguo nyeusi, na mabango meusi yaliyokatwa kama kiganja cha mkono yakitaka Israeli ikome kuyakalia maeneo ya Wapalestina. Oktoba 1991 wanawake wa Belgrade, Serbia, wakaiga, wao kila Jumatano, wakipinga vita vya serikali yao wenyewe. Kabla ya hapo, tarehe 30 Aprili 1977, kina mama 14 walikutana katika uwanja wa Plaza de Mayo, Buenos Aires, kuulizia watoto wao waliopotezwa na serikali ya kijeshi. Polisi wakawaambia ni marufuku kusimama kikundi, sogeeni. Wakasogea: wawili wawili, wakiuzunguka mnara uliopo katikati ya uwanja. Mzunguko ule wa kila Alhamisi, ambao dunia nzima inaujua, ulizaliwa na amri ya askari.

Kwetu Kenya, Februari 1992, kina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa na kugoma kula katika kona moja ya Uhuru Park, Nairobi, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Ule haukuwa mpango wa wiki kwa wiki, ila ulikuwa na siri ileile: watu wanajulikana walipo, na hawaondoki.

Basi kwa nini kona moja? Kwa sababu ujumbe hauko katika ile saa moja, uko katika kurudi. Wiki za mwanzo mpita njia huuliza, "Nani kawatuma hawa? Wanalipwa shilingi ngapi?" Baada ya mwezi anawazoea. Baadaye zaidi, siku wasipoonekana, yeye mwenyewe ndiye anayeuliza wako wapi. Anayehama kona kila wiki anaanza upya swali la kwanza kila mara. Na tusidanganyane, watu watano wa uwanja wa Mkunguni, Lamu, hawanyamazishi hata bunduki moja Sudan, ambako vita vilianza Aprili 2023. Wanachoweza ni kuvizuia vita hivyo visigeuke habari ya kawaida katika mji wao.

Sasa tuje Lamu, na tuanze na jina. Ukitangaza "mkesha wa amani", watu watakuja usiku na mikeka, wakitarajia dua mpaka alfajiri. Sema "kusimama kwa ajili ya amani". Kusimama kwa heshima hakuhitaji maelezo kwa watu waliokulia kwenye Maulidi, kikifika kisimamo wote wanainuka.

Mahali ni Mkunguni, mbele ya Ngome. Usijaribu Usita wa Mui, njia kuu ya mji mkongwe. Njia ni nyembamba, na punda aliyebebeshwa mchanga hajui maandamano. Ukisikia "Simile! Simile!" lazima ujibane ukutani, na kitambaa chako kinajibana nawe. Mkunguni pana nafasi, na alasiri watu huwa wamepumzika chini ya miti. Ila Ngome ni jengo la kihistoria lililo chini ya Makumbusho ya Taifa, na mji mkongwe wote uko katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Usigongomee msumari kwenye mti wala usifunge kamba kwenye ukuta. Kitambaa kishikwe kwa mikono.

Saa ya Yerusalemu haifai hata kidogo: Ijumaa saa saba mchana wanaume wa Lamu wako msikitini. Mishumaa nayo haifai, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni upepo, uwe wa kusi au wa kaskazi, kwani hakuna mshumaa wazi unaomaliza dakika tano pale karibu na bahari. Ya pili ni sheria, inayotaka mikutano ya hadhara iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na Lamu jua halizami kabla ya saa kumi na mbili mwezi wowote wa mwaka. Mshumaa wako, basi, utawaka mchana kweupe. Saa nzuri ni baada ya sala ya alasiri, kama saa kumi u nusu mpaka saa kumi na moja u nusu, siku ya Jumamosi. Jua limepungua makali, na magharibi bado.

Kimya ndicho kinacholeta taabu zaidi. Kule kilikotoka, kimya kinazuia ugomvi. Anayetukana hajibiwi, na hakuna neno litakaloripotiwa vibaya. Lamu mtu akipita akasema "Salaam aleikum" na watu watano wakamkodolea macho tu, mmemtukana, na jioni hiyohiyo mji mzima unajua kwamba mmenuna. Dawa imo ndani ya dini yenyewe: salamu iliyotolewa kwa kundi, akiijibu mmoja imewatosha wote. Kwa hiyo mmoja awe msemaji. Asishike kitambaa, akae pembeni barazani, aitikie salamu kwa niaba ya wenzake na amjibu kila anayeuliza. Ukisalimiwa wewe peke yako kwa jina, itikia, kisha rudi kwenye kimya chako. Msemaji achaguliwe mtu mpole. Mpenda ubishi atakusanya baraza la siasa kwa robo saa, na hakuna atakayekitazama kitambaa tena.

Nguo nyeusi pia zina kichekesho chake. Yerusalemu zilimfanya mwanamke aonekane. Lamu, mwanamke aliyevaa nyeusi ni kila mwanamke. Kinachoonekana hapa ni sare: leso za doti moja, wote sawa, zikitandwa juu ya buibui. Chagua rangi isiyo ya chama chochote, na soma jina la leso kabla ya kununua, maana leso nyingine zina mafumbo ya kumchoma jirani, na hamkuja kumsema mtu.

Kwenye kitambaa chenyewe ndiko wengi wanakosea. Kanuni ya waandika mabango ni kwamba kila sentimita 2.5 za urefu wa herufi husomeka vizuri kutoka kama mita 3. Herufi za sentimita 20, basi, zinakupa kama mita 24. Kiswahili kina maneno marefu, na hapo ndipo pana mtego. "VITA BASI" ni herufi 8 na nafasi moja. Ukiipa kila herufi upana wa sentimita 16 pamoja na mwanya wake, unahitaji mita moja na nusu hivi. "KOMESHENI MAPIGANO" inakula karibu mita 3, na mwandishi aliyeanza kwa mbwembwe huishia kuzibana herufi za mwisho kama watu ndani ya matatu. Chora kwanza kwa penseli, ukianzia katikati. Lamu msomaji anakwenda kwa miguu, unaweza kumwongezea neno. Malindi mambo ni mengine: tuktuk inayokwenda kilomita 40 kwa saa inakata mita 11 kila sekunde, kwa hiyo dereva ana sekunde mbili tu. Maneno mawili, basi.

Tumia marikani, urefu mita 2 na upana mita moja, na rangi ya maji ya ukutani. Rangi ya mafuta inang'aa vizuri wiki mbili, kisha inapasuka kila penye mkunjo. Kikishakauka kikunjwe kama mkeka, si kama leso, wala kisiwekwe kibichi, kwa maana hewa ya bahari itakijaza ukungu. Usiandike aya wala jina la Mungu, kwani siku upepo utakapokipokonya, kitaanguka palepale wanapopita punda. Na upepo utakipokonya: ukivuma mita 10 kwa sekunde, kitambaa cha ukubwa huo kinasukumwa kwa nguvu ya kama kilo 14. Ndiyo maana washikaji wanne ni bora kuliko wawili. Fito za mikoko zingesaidia, ila ziacheni. Katiba inalinda mkusanyiko usio na silaha, na fito mkononi mwa mtu aliye kwenye maandamano, askari haioni kuwa fito.

Haki hiyo iko katika Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010. Sheria ya utulivu wa umma nayo inamtaka mwandalizi ampe taarifa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla, akitaja jina lake kamili, anapoishi, tarehe, saa na mahali. Ni taarifa, si ombi. Msiandike "tunaomba ruhusa", maana anayeomba anaweza kunyimwa. Barua iwe nakala mbili, moja mrudi nayo ikiwa na muhuri. Kwa kuwa siku zina kikomo, huwezi kuandika barua moja ya mwaka mzima, lakini ukienda kituoni Jumanne unaweza kupeleka mbili kwa pamoja, ya Jumamosi hii na ya ijayo, ukapunguza safari kwa nusu. Aliyetia sahihi, au mwakilishi wake, lazima awepo mwanzo mpaka mwisho. Lamu usilichukulie hili kwa wepesi. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni, katika kaunti hiihii ya Lamu, ya Juni 2014 na kafyu iliyofuata, kundi lisiloeleweka huulizwa maswali mapema.

Vikundi vingine huvunjika kwa sababu ya wageni wema. Mgombea anakuja na fulana ya chama, kijana anakuja na bango lake la bei ya unga. Unga ni ghali kweli, lakini mwambieni aanzishe kona yake. Vingine huvunjika kwa hesabu tu: walianza 20, wakabaki 4, wakaona haya. Wanne wanatosha. Wakibaki wawili, kitambaa kikae nyumbani, mmoja ashike kibao cha sentimita 60, mwenzake awe msemaji, na barua za Jumanne ziende vilevile.