Je, wajua kwa nini kadi ya mtandao isiyowahi kuundwa na kiwanda chochote huishinda kadi ya Intel ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi?

Ofisi nyingi za Mtwara mjini, ziwe za ushirika zinazotunza kumbukumbu za minada ya korosho au za wahasibu wa Shangani, hutegemea seva moja. Ikiwa ndani ya seva hiyo kuna kompyuta pepe mbili, moja ya Windows kwa ajili ya programu ya uhasibu na nyingine ya Linux kwa ajili ya kutunza mafaili, basi ifikapo Oktoba, msimu unapofunguliwa na stakabadhi zikaanza kumiminika, kazi huanza kusuasua na hukumu hutolewa upesi kwamba seva imezeeka. Huenda hukumu hiyo si ya haki. Kabla ya kuagiza seva mpya kutoka Dar es Salaam kwa mamilioni ya shilingi, inafaa kwanza kutazama kila kompyuta pepe imepewa kadi gani ya mtandao na diski ya aina gani.

Kompyuta pepe haina chuma chake yenyewe. Vifaa vyote inavyoviona imeonyeshwa na programu iliyo upande wa mwenyeji, yaani kompyuta halisi, kwa mfano QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, na ambayo leo hufanya kazi pamoja na KVM, sehemu ya kerneli (kiini) ya Linux tangu mwaka 2007. QEMU inaweza kuigiza kadi ya Intel 82540EM, rejista (vijisanduku ambamo kifaa hupokea amri na kutoa majibu) kwa rejista, kiasi kwamba mfumo mgeni, yaani ule ulio ndani ya kompyuta pepe, hupachika draiva (programu ya kuendesha kifaa) yake ya kawaida bila kushuku lolote. Huo ni uungwana mkubwa kwa mifumo ya zamani, ambayo haikuandikwa kwa kutarajia kuishi ndani ya mashine nyingine.

Uungwana huo una gharama, nayo hulipwa na prosesa. Kadi halisi huendeshwa kwa kusoma na kuandika rejista zake, na juu ya chuma halisi jambo hilo hupita haraka. Ndani ya kompyuta pepe hakuna chuma upande wa pili. Kwa hiyo, kila mgeni anapoigusa rejista ya namna hiyo, prosesa humsimamisha, huhifadhi hali yake, humkabidhi mwenyeji usukani ili akokotoe kadi halisi ingejibu nini, kisha humrudisha mgeni pale alipoachia. Safari moja ya kwenda na kurudi inaweza kula mizunguko ya prosesa zaidi ya elfu moja, na draiva ya kadi hiyo ya Intel hugusa rejista kadhaa kila inapokatizwa, yaani kadi inapotoa ishara ya kuomba kushughulikiwa: husoma sababu ya kukatizwa, huzima ishara, kisha huiwasha tena. Diski ya IDE (njia ya zamani ya kuunganisha diski) katika mtindo wake wa kale ni mzigo zaidi, kwa kuwa sekta moja ya baiti 512 hupitishwa kwenye mlango mmoja baiti 2 kwa mkupuo, yaani mara 256.

Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwa mradi wao wa Xen, programu ya kuendesha kompyuta pepe, kwamba mgeni anayejijua kuwa ni mgeni huweza kushirikiana na mwenyeji badala ya kudanganywa. Njia hiyo huitwa paravachualaizesheni. Kwa upande wa vifaa, Rusty Russell, mtaalamu wa Linux kutoka Australia, aliipa umbo la pamoja liitwalo virtio, lililoingia katika Linux 2.6.24 ya Januari 2008 na baadaye vipimo vyake kuchapishwa na OASIS, shirika la viwango vya teknolojia.

Kadi ya virtio haiigi kadi yoyote iliyowahi kuuzwa. Kiini chake ni foleni iliyo katika kumbukumbu ambayo pande zote mbili huiona. Mgeni huandika katika jedwali anwani na urefu wa kila kipande cha data, huorodhesha vilivyo tayari, kisha humgutusha mwenyeji mara moja kwa shehena nzima. Mwenyeji naye huorodhesha alivyokwisha kuvishughulikia. Ni sawa na karani wa ghala anayeandika magunia yote daftarini kisha akapiga kengele mara moja, badala ya kukimbilia ofisini kila gunia linaposhuka mizanini. Tena, mwenyeji akiwa bado kazini, anaweza kumwashiria mgeni asimgutushe kabisa.

Sharti lake ni draiva. Linux inazo tayari, lakini kisakinishi cha Windows kikipewa diski ya virtio huonyesha orodha tupu, mpaka kipachikiwe sidii ya pili yenye draiva za virtio-win. Kwa Windows iliyokwisha kusakinishwa juu ya IDE, kubadili diski ghafla huleta skrini ya buluu. Njia salama ni kuongeza kwanza diski ndogo ya pili ya virtio, kuwasha Windows na kusakinisha draiva ikiiona, kisha kuzima na kuihamisha diski kuu. Kwenye Linux, /dev/sda hugeuka /dev/vda, kwa hiyo faili la fstab, linaloorodhesha diski za kufunguliwa mfumo unapowaka, litaje diski kwa UUID (namba yake ya utambulisho isiyobadilika) kabla ya badiliko hilo, na kazi yote ifanywe baada ya nakala rudufu kuhifadhiwa nje ya seva.