Sare ya Berlin, na ngome iliyopitia h6

Vijana wa drafti hapa Kirumba wakisikia mchezo wangu wa chesi ya masafa umeisha sare, hudhani hakuna kilichotokea. Kimetokea kingi.

Mpinzani yuko Ujerumani. Tunacheza chini ya ICCF, shirikisho la kimataifa la chesi ya masafa lililoanzishwa 1951. Zamani hatua zilisafiri kwa kadi za posta. Leo zinapita kwenye seva, na programu za kompyuta zinaruhusiwa. Tuna siku 50 kwa kila hatua 10.

Nikiwa na kete nyeusi nilichagua Ulinzi wa Berlin, namna ya kufungua mchezo ambayo Vladimir Kramnik aliitumia London mwaka 2000 kumvua ubingwa wa dunia Garry Kasparov, na Kasparov hakushinda hata mchezo mmoja. Malkia huliwa mapema. Hatua ya nane mfalme mweusi analipiza kwenye d8 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa ulalo), na tangu hapo hawezi tena kujificha pembeni kwa kupishana na ngome.

Nyeupe anabaki na askari wanne kwa watatu upande wa mfalme. Mimi nina wanne kwa watatu upande wa pili, ila wawili wamefuatana safu ya c, hivyo ni vigumu kumpenyeza mmoja hadi mwisho wa ubao. Wakibaki wafalme na askari peke yao, kwa kawaida nyeusi anapoteza. Kwa hiyo kila kete ninayokubali kubadilishana naipima mara mbili.

Tabu kubwa ni ngome ya h8: mfalme akirudi e8 anaifungia kona. Ndiyo maana nilisogeza askari h5. Alimzuia askari mweupe asipande g4 kumfukuza farasi wangu wa f5, na akaiachia ngome njia. Hatua ya 13 farasi mweupe akaruka g5 kumvamia askofu wangu wa e6. Ngome ikapanda h6, ikamlinda kutoka ubavuni! Wajuzi wa Berlin wanaifahamu hatua hii, nami naipenda kuliko zote. Akacheza g3, askofu wangu mwingine akamla farasi pale g5, askofu wake akalipiza.

Sasa askofu wake anatembea miraba myeusi, wangu myeupe, hivyo hawakutani kamwe. Hilo ndilo nililolitafuta. Ngome na farasi zilipomalizana, mfalme wangu akakaa e6, mbele ya askari wake wa e5. Ule ni mraba mweupe: askofu wake hana namna ya kumgusa. Askofu wangu akailinda f5, askari wake wasipenye hapo. Nikaomba sare, akakubali.